Mstari wa Makarai

Usiku wa kuamkia Jumamosi sikulala.
Kwenye kompyuta ratiba yangu ilikuwa imenyooka,
vijiti vya kijani, vya bluu, kila kijiti na siku zake,
na chini kabisa, kwa herufi nene:
SLABU, GHOROFA YA KWANZA, ZAHANATI, GOBA.
Watu thelathini na wawili. Mifuko mia na themanini.
Mashine ya kuchanganyia: moja.

Moja. Niliiandika bila mkono kutetemeka.

Saa moja asubuhi mchanga wa Mpiji umeshamwagwa,
kokoto za Lugoba zinang'aa kwa umande,
Ndelwa amekwisha kufunga nondo zake, kila fundo kalivuta mara mbili,
na mimi nina kofia nyeupe, nyeupe mno,
nina filimbi.

Nilipuliza filimbi ile kama refa aliyehongwa.
"Masunga, kasi! Masunga, unatuchelewesha!"
Masunga hakujibu. Alishusha karai, akafuta jasho kwa kiwiko,
akapandisha lingine.

Saa sita na robo mashine ikakohoa,
ikazunguka nusu, ikarudi, ikanyamaza.
Nusu ya slabu imelowa, nusu nondo tupu,
na kila aliye kule juu anajua: zege halilali.
Fundi wa mashine yuko Tegeta, simu haipatikani.
Mwenye kuikodisha anasema "nakuja",
ile nakuja ya Dar,
ambayo mtu huisema bado anatafuta viatu.

Jozi thelathini na mbili za macho zikanigeukia.
Nikatafuta wa kumlaumu. Nilimpata upesi:
alikuwa kwenye ratiba, mstari wa tisa,
jina lake langu.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nilileta mashine moja.
Sasa sijui. Tufanyeje?"

Sijui.
Chuoni neno hilo halikuwa na maksi.

Kimya. Kisha Ndelwa: "Makoleo yako mangapi?"
Na Bhoke, anayechota maji tangu alfajiri bila mtu kumuuliza jambo:
"Yale mabati ya uzio yalazwe chini, tuchanganyie juu yake,
la sivyo ardhi itatunywea maji."
Mwingine: "Ngazi ziwe mbili. Ya kupandishia, na ya kushushia matupu."
Mama Tatu akaepua wali, akasema mtakula kwa zamu,
wa makoleo kwanza, na asinisumbue mtu.

Filimbi nikaitia mfukoni. Nikaingia mstarini
kati ya Masunga na kijana ambaye mpaka saa ile
nilimjua kwa namba: kumi na saba.
Anaitwa Sefania.

Hapo ndipo nilipoiona mikono ya Masunga.
Kidole gumba cha kulia hakikunji.
Miezi mitatu namlipa, anasaini kwa kushoto,
sikuwahi kuuliza.
Mstari hauendi kwa kasi ya mwenye kelele.
Unakwenda kwa kasi ya mkono unaouma,
na ukiusukuma, karai linaponyoka,
zege linalala mchangani.

Nikamwomba apande juu, ashike ubao wa kusawazisha.
Kumbe ndiyo kazi aliyoifanya miaka sita Kigamboni.
Kumbe macho yake yana pimamaji.

Tulimaliza saa tatu usiku, kwa taa za pikipiki nne.
Hakuna aliyepiga makofi. Watu walinawa, wakahesabiwa chao.
Ndelwa akadai nauli ya ziada. Nikampa.

Jumapili nilirudi na mpira wa maji,
kwa maana slabu hunyweshwa siku saba
na kazi hiyo sikumpangia mtu, nilisahau,
haikuwa na kijiti.
Nikakuta zege limeshalowa,
magunia yametandazwa mpaka pembeni,
na kwenye tope la ngazi nyayo za kandambili,
za mtu mmoja,
zinapanda, zinashuka, zinapanda.

Pembe moja ilikuwa bado kavu.
Nikavua viatu, nikafungua maji,
nikaendelea pale alipoachia.